Kitabu Kilichonuka Kinkina

Maganda ya kinkina, mti wa kwinini, yanapokauka hutoa harufu chungu inayokaa kooni kabla hata pua haijaitambua. Mtaani kwetu Kimemi, mjini Butembo, miaka ya vita, harufu hiyo ilitoka kwenye depo ya Papa Athanase, ambako magunia ya maganda yalisubiri malori ya kuelekea mpakani. Nyuma ya magunia hayo kulikuwa na chumba chenye madirisha yaliyopakwa chokaa, na ndani ya chumba hicho kompyuta tatu zilizokuwa zimeletwa kutoka Dubai. Jenereta ilipowaka, tulijua zinafanya kazi. Kuziona hatukuziona. Wanafunzi waliolipa waliingia kwa mlango wa nyuma, na sisi wengine tulisimama barabarani tukisikiliza ule mngurumo, kama waumini waliochelewa wanavyosikiliza misa wakiwa nje ya kanisa lililojaa. Hata leo nikinusa kinkina, sikumbuki malaria wala dawa yake. Nakumbuka ukurasa wa kwanza wa kitabu chenye jalada la buluu, na hasira ambayo kwa miaka yote hii sijaiacha ipoe.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minne. Shule yetu ilikuwa imefungwa kwa sababu askari walilala madarasani, na madawati yaliishia kuwa kuni za kupikia chakula chao. Baba alikuwa Manguredjipa akichimba dhahabu, na habari zake zilitufikia kwa vinywa vya wapita njia. Mama aliuza maharagwe sokoni Bulengera, na Jumamosi alifundisha katekisimu parokiani. Mimi nilikuwa mtoto wa kwanza, msichana asiye na shule, na nilikuwa naanza kuona jinsi maisha yangu yatakavyokuwa: jembe, soko, ndoa. Kwa hiyo Papa Athanase aliposimama baada ya misa, wakati wa matangazo, na kusema atatoa kiti kimoja cha bure katika chumba chake kwa mwaka mzima, nilihisi kwamba ananiambia mimi. Sharti lilikuwa moja. Baada ya wiki kumi, kila kijana anayetaka angekaa mbele ya kompyuta na kuandika programu inayopokea namba kumi, kisha kuonyesha ile iliyo kubwa kuliko zote. "Mashini njo itachagua," alisema, yaani ndiyo itakayoamua. "Mashini haina ndugu." Watu walipiga makofi, nami nikapiga kuliko wote.

Kesho yake nilikwenda depo kumwomba kitabu. Mezani pake kulikuwa na viwili, cha buluu na chekundu. Alinitazama miguu, nadhani kwa sababu ya matope, kisha akasukuma kile cha buluu.

"Chukua iyi, binti yangu. Inatoka Ufaransa. Kila kitu iko ndani."

"Na ile ya rouge, Papa?"

"Ile ni ya bakubwa."

Niliondoka nimekikumbatia. Kurasa zilikuwa zimenyonya harufu ya magunia, na kwa wiki kumi nyumba yetu ilinuka kinkina. Kiliandikwa vizuri, sitakisingizia kitabu. Kilieleza kwamba kompyuta haina akili, hufuata amri tu, mstari mmoja baada ya mwingine, na amri zenyewe zilikuwa za Kifaransa: LIRE ili ipokee, AFFICHER ili ionyeshe, SI na ALORS ili ichague, ALLER EN ili iruke mpaka mstari mwingine. Hilo halikunishangaza hata kidogo. Kifaransa kilikuwa lugha ya shule, ya hakimu, ya hati ya ubatizo, ya kila karatasi iliyogongwa muhuri. Kitu chenye hadhi ya kompyuta kingezungumza lugha gani nyingine?

Nilijifunza kwa njia pekee niliyoijua, njia ya katekisimu. Nilinakili kitabu chote katika daftari tatu, nikageuza kila sura kuwa maswali na majibu, na alasiri Mama aliporudi sokoni alinihoji huku akipepeta maharagwe. Hakujua maana ya alichouliza, lakini sikio lake lilikamata kila kigugumizi.

"AFFICHER ni nini?"

"Ni ordre ya kuonyesha mu écran, ile kioo, kile kiko mu mémoire."

"Nani anaonyesha?"

"Mashini, Mama."

"Umesitasita. Rudia."

Kompyuta sikuwa nayo, basi nikajitengenezea. Nilipanga vikombe vya plastiki mezani, nikavibandika herufi, na kila kikombe kikawa mahali pa kuwekea namba. Namba zilikuwa maharagwe ya Mama. Nilisoma programu yangu mstari kwa mstari, nikihamisha maharagwe kama amri zilivyosema, bila kuruhusu mkono kufanya jambo ambalo halikuandikwa. Mara nyingi kikombe kilibaki na namba isiyo sahihi, nami nikarudi kutafuta mstari wenye kosa. Wiki ya tisa programu ilijibu sawa kila mara, hata Mama aliponipa namba kumi zinazolingana ili kunitega. Tangu wakati huo nimesoma vitabu vingi vya kompyuta, lakini sijapata mwalimu mkali kuliko vile vikombe.

Siku ya mtihani tulikuwa watoto sita. Chumba kilikuwa na joto, na wazazi kadhaa walisimama ukutani, Mama akiwa amevaa kitenge chake cha Pasaka. Niliitwa wa kwanza. Nilitafuta herufi moja moja kwa kidole, nikaandika mstari wa kwanza ulioanza na LIRE, nikabonyeza kama kitabu kilivyoagiza. Kompyuta ililia na kuandika maneno nisiyoyajua. Nikafuta, nikarudia. Ikalia tena. Niliandika AFFICHER, ikalia. Nilijaribu kwa utulivu amri zote za sura ya kwanza, na kila moja ilikataliwa. Kisha akaitwa Justin, mtoto wa dada yake Papa Athanase, naye akaandika polepole mistari yake kwa maneno ya Kiingereza. Kompyuta ikampokea, na alipoiingizia namba kumi ikaonyesha kubwa.

Papa Athanase alicheka mpaka akashika meza. "Huyu mutoto anaongea Français na mashini ya Dubaï. Mais, Madame Afficher, si uende Paris?" Chumba kizima kilicheka naye. Mama hakucheka, lakini aliinamisha kichwa, na hilo ndilo lililonichoma. Jina lilitutangulia nyumbani. Kwa zaidi ya mwaka mmoja, kutoka Kimemi hadi Bulengera, nilikuwa Madame Afficher, na Mama akawa mama yake Madame Afficher.

Nilirudisha kitabu kesho yake. Kile chekundu kilikuwa mezani, kimefunguliwa, jina la Justin limeandikwa kwa penseli pembeni mwa ukurasa. Nilimuuliza Papa Athanase kama alijua kwamba changu hakikufaa kwa mashini zake. Hakukana. Aliendelea kushona gunia.

"Uliomba kitabu, nikakupatia kitabu. Haukuuliza ni ya mashini gani."

Sentensi hiyo nimeishi nayo. Nimeigeuza pande zote nikitafuta mahali ambapo si kweli, na sijapapata. Huo ndio ubaya wake.

Mama mdogo aliyeishi Beni alituma habari kwamba jirani yake, mwalimu wa serikali aliyetoka Kasai na asiyepata mshahara kwa muda mrefu, alikuwa akitunza kompyuta katika ofisi ya wanunuzi wa kahawa. Nilipanda lori la ndizi nikiwa na daftari zangu tatu, kwa sababu nilitaka mtu anionyeshe kosa langu liko wapi. Kwenye kizuizi kimoja njiani, askari aliumwaga mfuko wangu na kufungua daftari ya kwanza.

"Aller en soixante," alisoma, mahali nilipoamuru mashini iruke mpaka mstari wa sitini. "Nani anaenda? Soixante ni wapi?"

"Ni ligne, mustari, chef."

"Ligne ya nani? Nani commandant wa iyo ligne?"

"Hakuna commandant. Ni programme ya mashini."

"Mashini ya kupiga risasi?"

Walinikalisha chini jua likawaka mpaka likahama upande wa pili wa barabara. Dereva ndiye aliyeniokoa, akiapa kwamba mimi ni mtoto wa katekista na kwamba hayo ni masomo ya kanisa. Askari alibaki na daftari moja ili, alisema, awaonyeshe wakubwa wake. Nilipanda tena lorini, na njia yote iliyobaki sikumfikiria askari. Nilimfikiria Papa Athanase akishona gunia lake. Nilikuwa nimekaribia kupotelea njiani kwa ajili ya amri ambazo, kama nilivyokuja kujua, hakuna mashini hata moja katika nchi yetu ingezitii.

Mwalimu Ilunga, yule jirani wa mama mdogo, alisoma daftari mbili zilizobaki akifuatilia mishale yangu kwa kalamu. "Umefikiri muzuri," alisema mwishowe. "Iyi lugha iko ya mashini za masomo za Ufaransa, za zamani. Hata kule zilishakufa. Mwenye alikupatia, anajua mambo ya mashini?"

"Njo kazi yake."

"Basi alijua."

Kisha akawasha kompyuta ya ofisi na kubonyeza kitufe kimoja cha juu. Kioo kilijaa maandishi. Ndani ya programu ile ile ya kuandikia amri, bila kufichwa na mtu, kulikuwa na kitabu kizima: kila amri, maana yake, na mfano wake. Kilikuwemo pia katika zile kompyuta tatu za Kimemi, siku ile nilipochekwa, umbali wa kidole kimoja. Mwalimu Ilunga alinipa kanuni ambayo bado nawapa wengine: kabla ya kutafuta kitabu popote, uliza mashini imebeba kitabu gani chenyewe. Halafu tafuta kitabu kinachotaja mashini yako kwa jina. Halafu kijaribu ukurasa kwa ukurasa, na usimwamini mwandishi mpaka mashini imekubali.

Nilikaa Beni wiki tatu. Nilikuwa na kamusi ya Kiingereza iliyokosa herufi za mwisho, na daftari moja mpya niliyoigawa safu mbili: kushoto amri za kitabu cha buluu, kulia amri za mashini. Siku ya tano niliichukua programu yangu ya maharagwe, ile ile, nikabadilisha maneno tu bila kugusa mpangilio, nikaiingiza. Ilijibu sawa mara ya kwanza. Sikuruka wala sikulia. Nilikaa nikitazama ile namba kwenye kioo, nikajua kwa uhakika, kama mtu anavyojua jina lake, kwamba kiti kile kilikuwa changu na kwamba nilikuwa nimeibiwa.

Niliporudi Butembo nilinakili daftari ya safu mbili mara nyingi kadiri karatasi zilivyopatikana, nikampa kila mtoto aliyeitaka, hata wale walioniita Madame Afficher. Haikupita miaka miwili, kile chumba cha nyuma kilirudishiwa magunia. Watu walisema ni vita. Mimi niliendelea kunakili daftari.

Sasa nina chumba changu Bulengera. Kina rafu nne za vitabu vya programu, na diski zenye masomo niliyoyapakua mtandao ulipokuwa mzuri, kwa sababu huku hupotea kwa siku kadhaa. Kijana wa leo anabeba katika simu yake vitabu vingi kuliko vilivyokuwa Butembo nzima wakati ule, na shida yake si kukosa bali kupokea kile kisichomfaa. Kwa hiyo kila kitabu changu kina kadi iliyochomekwa ndani ya jalada. Nimeandika juu yake ni cha mashini gani, toleo gani, na ukurasa upi una kosa. Vijana huja kwa pikipiki hata kutoka Beni kwa ajili ya kadi hizo zaidi kuliko vitabu vyenyewe. Hakuna aliyewahi kutoka chumbani mwangu na kitabu kisicho na kadi, isipokuwa mtu mmoja.

Papa Athanase alikuja mwezi uliopita, akitembea kwa fimbo. Sidhani alinitambua. Justin, aliniambia, anataka kuchukua depo, anasema mzee hawezi kuendesha programu mpya ya stoku, ya kuhesabu mali ya depo, na familia itakutana ili mzee awaonyeshe kwa mikono yake mwenyewe kwamba anaweza. Alikuwa ameambiwa jina la kitabu na kwamba jalada lake ni la kijani.

"Nasikia uko nayo, Mama."

Ninavyo viwili vya jina hilo, vyote vya kijani. Kimoja ni cha programu aliyonayo. Kingine ni cha toleo la zamani, ambalo nusu ya amri zake zilifutwa. Nilikwenda rafuni. Nilikuwa na muda wa kutosha kufikiri, sitadai vinginevyo. Nilichukua cha zamani, nikachomoa kadi, nikampa kitabu kwa mikono miwili kama anavyostahili mtu wa umri wake.

"Wasingya," alishukuru kwa Kinande, akakikumbatia kifuani na kuondoka.

Mama yangu, angekuwa hai, angenipeleka kuungama. Padri wetu amesikia mengi kutoka kwangu, lakini hili sijampelekea. Kadi iko hapa mezani ninapoandika, pembeni mwa kikombe cha plastiki ambacho herufi yake bado inasomeka. Papa Athanase akirudi kuniuliza kitabu kile ni cha mashini gani, nitamsomea yote yaliyoandikwa, pole pole, mpaka neno la mwisho. Siku ile alipokuja hakuuliza.