Wekundu au Wabuluu

Wiki iliyopita nilikuwa mtaa wa Jette, nasubiri tramu kwenye manyunyu, nikaona kupitia dirisha la baa runinga yenye wanaume watatu waliovaa suti wakibishana. Msimu wa hoki ya barafu ulikuwa unafunguliwa jioni ile, na kila mmoja alikuwa anabashiri nani atashinda. Baa ilikuwa tupu, hakuna aliyewasikiliza. Tramu ikaja, ikaondoka, mimi bado nimesimama.

Nilikuwa na miaka tisa tulipotoka Bujumbura, mama na mimi, tukapanga vyumba viwili mtaa wa Saint-Josse, katika mji huu huu wa ughaibuni, juu ya duka la mkate la Waturuki. Harufu ya ufuta uliookwa ndiyo iliyoniamsha asubuhi, maana mama alikuwa ameshatoka kwenda hospitalini kuogesha wagonjwa. Nikirudi kutoka shule na ufunguo shingoni, nilipasha maharage, nikaosha sufuria, nikakaa. Mama alikuwa na agizo moja: "Usifungulie muntu mulango, hata akikuita kwa jina." Hakuna aliyeniita.

Jioni moja ya vuli nikasikia jirani wa juu akipiga kelele. Alikuwa mzee kutoka Finland, dereva wa malori aliyestaafu, mjane. Nikadhani ameanguka. Nikapanda ngazi mbio, nikagonga. Akafungua akiwa na upawa mkononi, mzima kabisa, nyuma yake runinga inaunguruma.

"Unaijua hoki?" akaniuliza, kwa Kifaransa kibovu kama changu.

"Hapana, tonton," nikajibu, yaani mjomba.

"Vizuri. Wanaoijua hukosea kila mwaka. Nani atashinda, Wekundu au Wabuluu?"

Nikatazama. Wachezaji walikuwa wanateleza wakizunguka, mechi ya kwanza ya msimu haijaanza; kumbe zile kelele alikuwa anaipokea timu yake. Kipa wa Wabuluu aligonga milingoti ya goli lake kwa gongo, huu kisha huu, kama mama anavyohakikisha milango kabla ya kulala. Nikasema Wabuluu. Yeye akasema Wekundu, timu ya mji wake. Wabuluu wakashinda, naye akanipakulia supu nzito ya njegere kavu yenye haradali pembeni. Alipojua sisi ni Waislamu, hakuipika tena na nyama ya nguruwe.

Tangu hapo kila vuli aliomba ruhusa kwa mama, nami nikapanda kubashiri. Yeye Wekundu, mimi wapinzani, na Wekundu wakafungwa tena. Hakukasirika. Alisema mtu habadilishi mji aliozaliwa kwa sababu ya matokeo.

Msimu wa tatu mama aliahidi kuja. Nilimwambia hata mwalimu. Nikachambua njegere mwenyewe, jirani akapanga mabakuli matatu mezani. Mechi ikakaribia, mama hajafika. Simu ikalia: mwenzake kazini ameugua, itabidi abaki kidogo. Bakuli la tatu jirani akaliacha palepale.

"Haya, bashiri," akasema.

"Wekundu," nikajibu.

Akageuka kunitazama. Sikuwa na sababu ya kimchezo. Nilitaka tu mmoja kati yetu apate alichokuwa anakisubiri.

Na Wekundu wakashinda, kwa goli la dakika za mwisho. Hakupiga kelele. Alifuta macho kwa kitambaa cha vyombo. Wachezaji walikuwa wanapeana mikono mama alipoingia na viatu vyake vya kazi, akaomba samahani, akaketi, akasinzia kabla supu haijamfikia. Jirani akazima sauti, akamfunika kwa koti lake. Tukatazama goli lile likirudiwa, kimya, mimi na yeye.

Kabla ya vuli iliyofuata, binti wa mzee alikuja akamchukua, akampeleka kwao Finland. Jirani alinishika kichwa mlangoni, akasema maneno ya Kifini ambayo sikuyaelewa. Wapangaji wapya wa juu walikuwa wengi, wenye kucheka.

Siku hizi duka la mkate halipo, na nyumba yenyewe imekarabatiwa, ina kengele za namba badala ya majina. Mama amerudi Bujumbura. Sijui yule mzee alizikwa wapi, kama amekufa. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni jioni ya ufunguzi ya mwaka ule alioondoka, nimekaa jikoni kwetu bila runinga. Simu ikalia. Alikuwa mama, kutoka kazini, yeye ambaye hakuijua hoki hata kidogo.

"Alors, leo nani atashinda?"

"Sina wa kutazama naye, mama."

Nyuma yake magurudumu ya vitanda yalikuwa yanapita kwenye korido.

"Sema tu. Niko nakusikia."

Nikasema Wekundu. Akasema naye pia, Wekundu. Kisha hakuna aliyekata simu, mpaka mtu huko akamwita kwa jina lake.

Matokeo sikuyajua.