Ngoma Iliyopashwa Moto

Jirani amechoma maboksi, na moshi wake umenirudisha uani kwa shangazi, Mtoni. Shangazi alikuwa na kikundi cha ngoma za harusi. Kabla hawajatoka, mwanawe mkubwa aliwasha maboksi, akazipasha ngoma moto mpaka ngozi zikakaza. Sisi watoto tulimwokotea maboksi dukani.

Kaka huyo alifungwa jela kwa pikipiki iliyoibwa Tandale. Wakati pikipiki inaibwa, alikuwa nasi uani, anapasha ngoma. Mahakamani hakuna aliyetuuliza sisi, tulikuwa wadogo.

Basi shangazi akatunga wimbo. Yeye anauliza, "Siku ile mwanangu alikuwa wapi?" Sisi tunaitikia, "Alikuwa hapa, anapasha ngoma."

Mwenye harusi mmoja alikuja juu. "Hivi mama, huu ndo wimbo wa harusi?"

"Huku ndiko watu wanakosikiliza," shangazi akamjibu, kisha akatugeukia. "Haya wanangu, alikuwa wapi?"

Tuliitikia mpaka koo zikatukauka. Ngoma ya kaka ilikuwa katikati yetu, imepashwa moto kama zingine, haina mpigaji.

Leo moshi ulipoingia dirishani, nilijibu kabla ya kuulizwa: alikuwa hapa.