Fundi Bado na Gari la Keki

Mtaani kote walimwita Mama Keki, hata wale ambao hawakuwahi kuonja kipande chake. Alipikia katika chumba cha nyuma kilichokuwa cha binti yake kabla binti hajaolewa na kuhamia mbali. Kitanda kilitolewa, zikaingia oveni mbili, meza ndefu ya bati na friji lililonguruma kutwa kucha. Keki zake za harusi zilisifiwa sana. Kupika hakukumpa shida. Shida ilikuwa kuzifikisha.

Barabara ya kwao ilichimbika vibaya. Teksi ndogo zilikwangua tumbo kwenye kila tuta, na madereva walioambiwa, "Polepole, kaka, nimebeba harusi ya watu," walikwenda polepole mpaka kona ya kwanza, kisha wakasahau. Siku moja keki ya ghorofa tatu ilifika ukumbini imeinama upande kama mtu anayechungulia dirishani. Mama Keki alijibanza nyuma ya jukwaa na kisu na bakuli la krimu, akaziba nyufa huku machozi ya hasira yakimlengalenga, na mlangoni bibi harusi anauliza kama keki imeshafika.

Aliporudi nyumbani hakuvua hata viatu.

"Nanunua gari langu mwenyewe," alimwambia mumewe. "Dogo, lakini liwe limeinuka, na nyuma liwe na nafasi. Jipya siliwezi, kwa hiyo litakuwa la mkononi mwa mtu. Wewe ndiye fundi. Nitafutie."

Hapo ndipo alipojiponza.

Mumewe alikuwa amemaliza maisha yake ya kazi katika karakana ya malori, mpaka mgongo ulipogoma na akalazimika kustaafu. Fundi hukutana na magari yanayoumwa tu. Yaliyo mazima hayana haja naye. Kwa hiyo mzee huyu aliamini kabisa kwamba kila gari linaficha kitu, na kwamba yeye ameletwa duniani kulifumania. Jirani akimletea gari alilolipenda, alilizunguka, akaliinamia, akalinusa, kisha akasema, "Bado. Endelea kutafuta." Wakamwita Fundi Bado, na jina lenyewe alilipokea kama cheo.

Basi kila Jumamosi walitoka wawili. Yeye alivaa ovaroli aliyoipiga pasi mwenyewe, akabeba tochi, kioo kidogo chenye mpini na kipande cha boksi cha kulalia chini. Mama Keki alibeba subira.

Gari la kwanza lilikuwa jeupe, la mwalimu mmoja. Fundi Bado aliweka kiganja juu ya boneti kabla hata ya kusalimia.

"Lina joto," alisema.

"Nimetoka nalo dukani sasa hivi, mzee wangu, kununua mkate," alijibu mwalimu.

"Gari la kuuzwa hukaguliwa likiwa baridi. Likiwashwa kabla sijafika, najiuliza asubuhi linapiga kelele gani ambayo mimi sitakiwi kuisikia."

Mkate wenyewe ulikuwa mezani barazani, bado umo kwenye mfuko wake. Mama Keki aliuonyesha kwa kidole. Haikusaidia kitu.

La pili lilikuwa la kijani, liko kwa dalali, linang'aa mpaka unajiona uso. Mama Keki alilipenda palepale. Alikwishaanza kupima buti kwa mikono, akikadiria sinia zitakaa vipi, aliposikia mumewe akivuta mkanda wa kiti. Aliuvuta, akauvuta, mpaka ukaisha kabisa. Kwenye sehemu ile ambayo siku zote hubaki imejikunja ndani, palikuwa na mstari wa tope kavu. Akainua zulia la miguuni. Harufu iliyotoka ilikuwa ya godoro lililolowa na kuachwa.

"Hili limezama kwenye mafuriko," alisema.

"Mzee, hilo ni vumbi tu," dalali alicheka.

"Vumbi gani linapanda ndani ya mkanda na kuchora mstari? Nyaya zote humu zimekunywa maji. Leo taa, kesho kompyuta ya gari, keshokutwa linazima katikati ya barabara."

Dalali aliacha kucheka. Mama Keki alishukuru kwa nusu ya moyo. Alijua kwamba kuanzia siku ile, kwa kuwa mumewe amepatia mara moja, hatashikika tena.

Na kweli hakushikika. La tatu liliuzwa kwa sifa kwamba linasukumwa na magurudumu yote manne. Fundi Bado akateleza chini yake, akatoka anacheka peke yake. Ule mhimili wa chuma unaopeleka nguvu magurudumu ya nyuma ulikuwa umeng'olewa, umebaki ushahidi wa boliti tu. Lingine mita yake ilionyesha limetembea kidogo sana, lakini mpira wa pedali ya breki ulikuwa umelika mpaka chuma kinaonekana. "Kama halikutembea," aliuliza, "nani alikuwa amesimama hapa?" Hayo Mama Keki aliyakubali. Alichoshindwa kukimeza ni lile la bluu, ambalo halikukutwa na kasoro hata moja, na mumewe akalikataa kwa sababu mwenye gari alikuwa na adabu kupita kiasi.

"Mtu haleti viti na juisi bure," alieleza njiani.

"Ni ukarimu!"

"Ndiyo maana nimeogopa."

Binti yao alipiga simu kila wiki. "Mama, mmeshanunua?"

"Baba yako anatafuta gari ambalo halijazaliwa," alijibu Mama Keki, akakata simu ili asije akasema mengine.

Teksi nazo ziliendelea kumtoa jasho. Akajifunza kusafiri ameipakata keki mapajani, magoti yakiwa yamekaza kama mtu aliyepanda farasi, na akishuka anashindwa kunyoosha miguu.

Ndipo mteja mmoja alipomwambia kuna mkunga mstaafu anauza gari lake la kijivu, kwa kuwa macho yamepungua nuru na hataki kuja kugonga mtu. Walimkuta ameketi uani kwake. Boneti ilikuwa baridi kama jiwe la asubuhi. Kabla ya Fundi Bado kufungua mdomo, mama yule akasema:

"Karibuni. Gurudumu la nyuma kushoto linanguruma. Mlango wa nyuma niliupeleka kwenye nguzo mwenyewe. Na injini inalia machozi ya oili hapo juu, kidogo. Kama kuna lingine mimi silijui."

Fundi Bado alibaki ameduwaa, kama polisi aliyekutana na mwizi anayejileta kituoni. Alikagua mpaka kivuli kikahama. Aliliwasha, akasikiliza. Aliangalia oili, ilikuwa safi. Aliangalia maji ya rejeta, hayakuwa na utando wa mafuta. Aliendesha, akabadilisha gia kila namna, giaboksi haikushtuka wala kusita. Matairi yalikuwa yamelika sawasawa. Alilala chini na kioo chake, akatoka na magamba ya kutu kwenye nywele. Alichokipata ni yale matatu ya mkunga, basi.

Akajifuta mikono, akasema, "Bado."

Mama Keki alihisi kitu kinakatika kichwani.

"Bado nini?"

"Lina kasoro tatu."

"Na wewe unazo ngapi? Mgongo, goti, na huo mdomo! Mbona nimekaa nawe?"

Mkunga aligeuka akajifanya anaangalia maua yake.

"Mama watoto, tusemezane nyumbani..."

"Tutasemezana hapahapa. Huo mngurumo wa gurudumu ni nini?"

"Beringi imechoka."

"Inabadilishwa?"

"Inabadilishwa. Lakini usiiache."

"Oili?"

"Sili, mpira wa kuziba kifuniko cha injini, imekauka. Ni kazi ya asubuhi moja."

"Mlango?"

"Huo ni sura tu."

"Sasa nionyeshe kitakachoniacha njiani na harusi ya watu. Kipi?"

Fundi Bado aliliinamia gari tena, kama anayeomba limpe neno.

"Kwa leo, sikioni," alisema mwishowe. Kisha akaongeza haraka, "Kwa leo."

"Kesho narudi na keki," Mama Keki alimwambia mkunga. "Nataka kuona kama vinaelewana."

Usiku huo Mama Keki alilala na hasira yake. Asubuhi, Mama Keki akiwa anapaka krimu keki ya majaribio, mumewe alikuja akasimama mlangoni, ovaroli yake imekunjwa mkononi.

"Ukishalinunua," alisema, "Jumamosi mimi nitakuwa nafanya nini?"

Kisu kilisimama hewani. Alimtazama mwanamume huyu aliyezoea kuamshwa na kelele za malori na ambaye sasa aliamshwa na kelele za friji. Akakumbuka pasi ile ya kila Ijumaa, mikunjo ya suruali iliyonyooka, tochi inayobadilishwa betri kabla haijafifia. Hasira ilimpungua, ingawa haikwisha.

"Na hukuweza kusema tangu mwanzo? Mpaka unikalishe kwenye teksi nimepakata keki kama mtoto mgonjwa?"

"Nilikuwa sijui kama ndiyo hiyo sababu," alijibu. Naye alikuwa anasema kweli.

Walikwenda. Keki ya ghorofa tatu iliwekwa nyuma, viti vimelazwa, na mkunga akaomba akae kando yake. Fundi Bado alikaa mbele, kioo kimeshushwa, sikio nje, anafuatilia beringi. Mama Keki alishika usukani. Alipitia makusudi ile barabara ya kwao, akapanda matuta, akashuka kwenye mashimo aliyoyajua kwa majina ya matusi. Kila mara gari lilipodunda, mkunga alinyoosha mikono yote miwili, kazi ya maisha yake haijamtoka. Waliposimama, keki ilikuwa imesimama pia. Ua moja la sukari tu lilikuwa limedondoka, na mkunga alikuwa ameshalitia mdomoni.

Ikabaki bei. Fundi Bado alitaka ipunguzwe kwa beringi, kwa sili na kwa mlango.

"Beringi na sili sawa," alisema mkunga. "Mlango sipunguzi. Nguzo ile nililipishwa mimi."

Fundi Bado akauachilia mlango. Wakaafikiana.

Beringi ilibadilishwa, oili ikaacha kutoka, na kwa miezi mingi gari lile la kijivu halikumwangusha Mama Keki. Lililokuja kumwangusha hakuna aliyeliwaza. Msimu wa joto ulipopamba moto, kiyoyozi kilikufa akiwa njiani na keki ya krimu. Alifika ukumbini krimu inatiririka, akampigia simu mumewe na kumpa yote yaliyokuwa kifuani.

"Siku ya ukaguzi kilikuwa kinafanya kazi," alijitetea. "Tena baridi yake niliisifu."

Alikitengeneza, na tangu hapo Mama Keki akaanza kusafiri na maboksi ya barafu, kiyoyozi kikiwa hai au kimekufa.

Lakini alifanya na jambo jingine. Kila mteja aliyekuja kuagiza keki ya harusi alimwuliza kama maharusi wanafikiria kununua gari. Wengi walikuwa wanafikiria. Aliwaambia mume wake anakagua, kwa malipo, Jumamosi, palepale nyumbani. Na wajiandae, kwa kuwa atawakera. Walikuja. Wakaleta na ndugu zao. Ua ukajaa maboneti yaliyo wazi, na watu wenye sura za kusubiri majibu ya daktari.

Jumamosi moja alitoka na keki mkononi akakuta gari lake limezibwa na magari matatu. Aliita, hakuna aliyejibu. Aliipakia, akaingia, akapiga honi. Chini ya gari jekundu la mbele ulitokeza mkono mmoja wenye grisi, ukamfanyia ishara kwamba asubiri kidogo.

Akapiga honi tena, na safari hii hakuuondoa mkono wake kwenye honi.