Tausi Mwekundu Kwenye Droo

Mama Pini alikuwa mtu wa kuhesabu vijiko wageni wakishaondoka. Si kwamba aliwahi kuibiwa kijiko. Ndivyo alivyoumbwa tu: ukilisifia gauni lake anajiuliza unataka kukopa nini, ukinyamaza anajiuliza umeambiwa nini. Jina lenyewe wateja walimpa kwa sababu ya pini alizozibana midomoni akishona, na wambea walisema anazibana makusudi, apate muda wa kupima jibu kabla halijamtoka. Cherehani yake ilikaa sebuleni chini ya dirisha. Juu ya kabati, mahali pa kufikiwa kwa kigoda tu, ilikaa albamu.

Hiyo albamu ilikuwa na karatasi ambazo watu wengine hufungua, huchana na kutupa. Ilianza siku za ujana wake, alipokuwa akijifunza ushonaji, na bosi wake akatupa lebo iliyobandikwa kwenye jora la kitambaa. Zamani kila kiwanda kilikuwa na picha yake, ili hata asiyejua kusoma aseme dukani, nipe ya simba, nipe ya mwavuli. Mama Pini akaiokota, akainyoosha, akaiweka kwenye kitabu. Baada ya hapo hakukamatika. Karatasi za sabuni, vibandiko vya viberiti, pakiti za sindano, maganda ya peremende, tiketi za sinema iliyogeuzwa ghala kitambo: vyote vilipata ukurasa.

Na hapa lazima nimtendee haki, maana akiishika albamu alikuwa mtu mwingine kabisa. Alinawa mikono, akaikausha, akamkalisha mteja anayesubiri pindo na kumfungulia ukurasa mmoja mmoja. Mteja atakunja uso weee, halafu ghafla ataona karatasi fulani ya sabuni na kusema, "Hii! Mama alikuwa anaitia kwenye sanduku la nguo zinukie." Basi hapo hadithi hazina mwisho. Watakumbushana nyumba, maduka, shangazi waliokwisha kufa, na Mama Pini atacheka mpaka pini zimwanguke. Mteja ataondoka na furaha yake na kusahau kuwa gauni halijaisha, jambo ambalo, tuseme ukweli, lilimfaa sana fundi.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuigusa. Huyo ni wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, aliyekuwa akichanganya rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ukimpelekea kipande cha kitambaa, ukisema unataka ukuta wa namna hiyo, atachungulia mara moja, atatia hiki na kile kwenye ndoo moja, na ukuta utatoka vilevile. Alikuwa na jicho, na alikuwa na mdomo pia. Albamu aliiita jalala lenye jalada.

Kwa hiyo Jumamosi moja wifi alipoingia na pakiti ya biskuti, akaketi kwa adabu na kusema, "Wifi, niteremshie yale makaratasi yako niyaone," machale yalimcheza Mama Pini papo hapo.

"Leo kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nimeyataka tu."

Mama Pini akapanda kigoda, akaiteremsha, na hakuondoa macho. Wifi hakuangalia kama watu wengine. Aliibeba albamu hadi dirishani, akaisogeza usoni karibu ainuse, akapapasa pembe za kila karatasi kama mtu anayetafuta mahali gundi ilipolegea. Wakati mwingine aligeuza kichwa upande na kukodoa. Akafika ukurasa wa mwisho, na hapo akakwama.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa tausi peke yake. Lebo ya jora, ile ile ya kwanza: tausi mwekundu ndani ya fremu ya dhahabu, mkia umejikunja upande wa kulia. Tausi mwekundu hayupo duniani, lakini mchoraji alitaka hivyo, na wekundu ule hata Mama Pini, mwenye nyuzi za kila namna, hakuwahi kupata uzi wa kuufuata.

"Huyu ungemuuza?" wifi aliuliza.

"Kwa nini? Kuna mtu anamtaka?"

"Aa, nauliza tu."

Wifi akaja Jumamosi iliyofuata, na nyingine, na nyingine tena. Kila mara dirishani, kila mara tausi. Mara akajikwaa kizingitini na kulaumu viatu. Mara akamwaga chai karibu na albamu, Mama Pini akaona hiyo ni njia ya kumtoa chumbani akalete kitambaa. Hakutoka. Alivua kilemba chake akafutia.

Kisha zikaja habari mbili. Mstaafu wa kiwanda cha sabuni, waliyekuwa wakibadilishana naye karatasi, alisema kuna mtu anazunguka mjini akinunua lebo za zamani apambie hoteli. Na mke wa kinyozi akaleta nyingine: wifi hayuko tena kwenye duka la rangi. Alimchanganyia mtu kijani badala ya rangi ya maziwa, nyumba nzima ikapakwa, mwenye nyumba akaja juu, na wifi akaambiwa apumzike.

"Kazini vipi?" Mama Pini akamuuliza Jumamosi ile.

"Kuzuri tu," wifi akajibu, usoni pakavu.

Basi Mama Pini akawa amepata kila kitu. Hana kazi, anaficha, mnunuzi yupo, na tausi hana mlinzi ila yeye. Jioni akamwambia mumewe, seremala, aliyekuwa anapiga randa ubao barazani.

"Dada yangu? Aibe karatasi?"

"Sijasema aibe. Nimesema kuna namna."

"Si umuulize?"

"Nikimuuliza atajua namtilia shaka."

Seremala akaipuliza randa yake, akaendelea na ubao. Miaka yote ya ndoa ilikuwa imemfundisha wapi pa kuishia.

Mama Pini akamtoa tausi kwenye albamu, akamfunga kwa kitambaa cha bitana na kumlaza kwenye droo ya cherehani, ile inayolia ukiifungua. Wifi alipofika ukurasa wa mwisho, akapapasa, akapapasa tena.

"Tausi yuko wapi?"

"Nimemwazimisha mwenzangu mmoja."

"Atarudi lini?"

"Sijui. Mbona una haraka naye?"

Wifi akafunga albamu taratibu. "Nilitaka kumwona, basi."

Akaja tena Jumamosi iliyofuata kuuliza kama tausi amerudi. Hajarudi. Na iliyofuata. Hajarudi. Mwezi ukapita, wifi anauliza, Mama Pini anajibu na pini mdomoni, na kila swali likamzidishia uhakika. Mtu gani anafuatilia karatasi ya jora hivyo kama hana lake jambo? Mwishowe akaona kujitetea hakutoshi, inabidi amnase. Akachukua karatasi ya sabuni ya buluu, yenye ukubwa uleule na bila ndege hata wa dawa, akaibandika kwenye ukurasa wa tausi. Alitaka kuona uso wa wifi utakavyobadilika. Ataudhika, atagomba, na katika kugomba atajifichua.

"Karudi," akamwambia siku hiyo, mtamu kama asali.

Wifi aliinuka haraka mpaka akagonga kona ya meza. Akaibeba albamu dirishani, akafunua ukurasa wa mwisho, akauinamia. Akaupapasa pembe moja baada ya nyingine. Mama Pini akasimamisha cherehani.

"Ee, Mungu wangu," wifi akasema polepole, anatabasamu. "Tazama nyekundu hiyo, wifi. Maisha yangu yote nimechanganya rangi, hii sijaipata."

Mama Pini akadhani anataniwa. Akamtazama vizuri. Tabasamu lilikuwa la kweli, ila macho yalikuwa yakitazama pembeni kidogo ya karatasi.

"Na mkia?" akauliza.

"Umejikunja kulia, mpaka kwenye fremu."

Mama Pini akatoa pini mdomoni, akazichomeka kwenye mto mojamoja. Kizingiti. Chai. Dirisha. Nyumba ya watu iliyotoka kijani. Kila alichokuwa amekihesabu kilikuwa palepale, isipokuwa alikuwa amekisoma kinyume.

"Wifi. Hiyo ni karatasi ya sabuni. Ni ya buluu."

Wifi akapitisha kidole gumba juu ya karatasi, kwenda na kurudi.

"Ya buluu," akasema. "Basi na jicho hili la kulia limekwisha."

Akakaa. Ilikuwa presha ya macho, akaeleza. La kushoto lilikwenda hata hajui kama linakwenda, na alipofika kwa daktari hakukuwa na la kurudisha. La kulia lilianza kufumba kutoka pembeni, rangi zikachujuka moja moja. Mdogo wake, seremala, hakumwambia, asije akamleta hapa alishwe kwa kijiko kama kichanga.

"Nyekundu ilikuwa bado," alisema. "Nikaona nikija kumtazama kila wiki, atakaa kichwani asiondoke. Ningekuambia, ila wewe ungeona naja kukulilia shida."

Na kweli angeona hivyo, Mama Pini hakuweza kulikana. Swali lililobaki Mama Pini hakulitaka, lakini likamtoka.

"Mara ya mwisho kuiona vizuri ni lini?"

"Jumamosi ya mwisho kabla hujamwazimisha. Wakati ule bado ilikuwa inawaka. Mwezi mzima nilikuwa naomba huyo mwenzako amrudishe upesi."

Mama Pini akavuta droo, nayo ikalia kama siku zote. Wifi akageuza uso kuielekea. Sauti ya droo ile aliijua, kila aliyewahi kukaa sebuleni humo aliijua.

"Alikuwa humo?"

"Alikuwa humo."

"Hakuazimwa."

"Hakuazimwa, wifi. Nisamehe."

Nje mtu alipita anaburuta ndala. Mama Pini akajua wifi akiinuka sasa na kuondoka hatarudi, na yeye hatakuwa na neno la kumrudisha. Akamfungua tausi kwenye bitana, akamweka kwenye kiganja cha wifi. Wifi akamzunguka kwa kidole, pembe zote, akamwinua puani, kisha akamrudisha.

"Haya," akasema, si kwa upole. "Wewe una macho. Niambie hiyo nyekundu."

Mama Pini akaitazama. Kwa miaka yote aliyoimiliki, hakuwahi kulazimika kuisema.

"Ni nyekundu... iliyoiva. Kama ya matofali."

"Ya matofali ina udongo ndani. Hii haina udongo. Anza upya."

Mama Pini akafuta macho kwa ncha ya kitambaa cha mteja, akaisogeza lebo kwenye mwanga wa dirisha, akaanza upya.