Likizo ya Fundi wa Mvuke

Mama mmoja, mpimaji wa hatari zinazoweza kusimamisha kazi, alipita idara zote za hospitali akiuliza swali moja: nani asipokuja kesho, kazi yako inasimama? Dobi alimtaja fundi wa mvuke. Wanaochemsha vyombo vya upasuaji nao walimtaja huyo huyo, na daktari akasema bila vyombo hivyo hashiki kisu. Basi mama yule akateremka hadi chumba cha boila, mtambo unaotoa mvuke.

"Shikamoo, mzee. Ukiugua wewe, homa yako inapanda mpaka chumba cha upasuaji."

Fundi alicheka. Tangu mkewe afariki, hakuna aliyemwambia kwamba anahitajika kiasi hicho.

Lakini mama hakuja kumsifu. Mafundi wawili wakaletwa, mzee akawafundisha kila valvu na kila mlio wa boila, kisha akapewa likizo ili ijulikane kama kazi itaenda bila yeye.

Nyumbani alikaa na simu mapajani. Haikulia. Hatimaye uvumilivu ukamwishia, akapiga mwenyewe.

"Mambo shwari, mzee," fundi mmoja akamjibu. "We pumzika tu."

Alijua hiyo ndiyo habari njema iliyotafutwa. Hata hivyo ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akafuta meza ambayo alikwisha kuifuta, halafu akampigia dada yake, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akimwalika na kujibiwa na kaka yake kwamba kazi zimembana.

"Kuna nini?" dada akauliza kwa hofu. "Nani anaumwa?"

"Hakuna. Nina nafasi tu."

Dada akasema, "Basi njoo."