Blanketi la Mlango wa Nne

Kutoka Musoma nilipanda meli hadi Kisumu nikalala sakafuni, ubavuni mwa mbuzi wa mtu. Kutoka Kisumu nikapanda gari moshi la daraja la tatu. Nakuru tulishushwa sote tukapangwa mstari ili pasi zetu zitazamwe. Nairobi tukashushwa tena. Waliokuwa Wakikuyu walitengwa upande mmoja, nasi wengine tukaambiwa twende zetu. Hakuna aliyegeuka kuwatazama, hata mimi. Nilipofika Ruiru miguu ilikuwa imevimba, viatu nikavibeba mkononi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, leseni ya udereva na miaka miwili ya sekondari. Tangu hapo nimefanya kazi Jinja, Mombasa na hata Ndola, na sasa nimepita arobaini sina nyumba ninayoweza kuiita yangu. Lakini nikikaa peke yangu, mawazo hurudi kwenye shamba lile la kahawa katikati ya Ruiru na Thika, njia ya Kalimoni. Si kwamba nilifurahi sana pale.

Aliyeniandika kazi alikuwa Myahudi. Shule ya misheni ilinifundisha habari za Mayahudi, lakini nilidhani waliishia kwenye Biblia. Huyu alikuwa mtu mrefu, mwenye kikohozi, aliyekimbia kwao Ulaya wakati wa vita, na nduguze wengi hawakupata nafasi ya kukimbia. Alikuwa na mke, binti wa miaka kumi na minne na mvulana wa kumi na mmoja. Siku ya kwanza aliniambia jambo moja la kuzingatia: mtu wa nje kama mimi akikamatwa kwa lolote, serikali itamrudisha kwao kwa gari moshi linalofuata. Serikali ilikuwa imetangaza Hali ya Hatari, na kwetu Musoma nilikuwa nimeondoka kwa ugomvi na baba. Kurudi sikutaka kabisa.

Kazi yangu ilikuwa pikapu. Asubuhi nilipeleka maziwa stesheni, na Jumamosi jioni, jua likishazama na siku yao ya kupumzika ikiisha, nilitia mafuta kwa safari za wiki. Jumatatu niligawa posho mlango kwa mlango kwenye laini, zile safu za vyumba vya wafanyakazi.

Katika nyumba ile, kila Ijumaa mchana kabla mama hajawasha mishumaa ya kuipokea siku yao ya kupumzika, watoto, waliolala bweni na kurudi kila mwisho wa wiki, walitakiwa kuleta kitu chao kimoja cha kumpa mtu. Nilikuwa nikiingiza kuni jikoni, nikawasikia. Mara moja mvulana alileta viatu vilivyotoboka.

Baba yake akavipokea, akapitisha kidole kwenye tundu. "Wewe unaweza kuvivaa hivi?"

"Hapana."

"Basi hivi si zawadi. Hivi ni takataka umeona uvivu kuitupa."

Dada yake akacheka. Mvulana akamwambia, "Wewe wiki iliyopita ulitoa kitabu cha hesabu. Hata hukuwa unakipenda, ulikuwa umekichukia!"

"Nyamazeni," mama akasema. Naye alikuwa amechoka daima, mama yule. Alisema maneno yake kama mtu anayepanda ngazi.

Sharti la pili lilikuwa gumu zaidi. Anayepewa asijue nani amempa. Baba alilieleza mara nyingi: mtu akijua, atakukwepa njiani au atakuinamia, na yote mawili ni mabaya. Ndiyo maana mimi nikawa mkono wao. Suruali, sufuria, dawa ya kikohozi, vyote vilipita katika pikapu yangu, vikaachwa mahali bila neno.

Likizo ya Agosti mwaka wa pili ilikuwa na baridi ya kukata masikio. Ukungu ulikaa juu ya kahawa hadi saa tano. Katika mlango wa nne wa laini aliishi mjane aliyechuma kahawa na mtoto mgongoni, na mtoto alifungwa kwa gunia. Binti alimwona. Ijumaa ile alitoa blanketi la kitanda chake mwenyewe, la sufu, zito, rangi ya buluu, halina hata uzi uliolegea.

"Nawe utalala na nini?" mama akauliza.

"Na koti."

Niliona baba amefurahi. Jumatatu nikaliingiza blanketi ndani ya gunia la posho, nikaliweka kwenye mlango wa nne wakati wanawake wote wako kahawani.

Alhamisi asubuhi hom gadi, wale mgambo wa serikali, walikuja kupekua laini. Duka moja la Thika lilikuwa limevunjwa, na watu wa msituni, wale waliopigana na serikali, walisemekana kutafuta vitu vya joto. Nilikuwa pale na pikapu walipomtoa mjane nje, blanketi likiwa begani kwa mmoja wao.

"Mama, hili ulinunua wapi?"

"Sikununua. Nimepewa."

"Na nani?"

Akatazama chini, akamtaja Mungu kwa Kikikuyu. "Na Ngai."

Wakacheka hadi wakashika mbavu. "Sikieni! Ngai amefungua duka Thika!" Mwingine akasema, "Muulizeni kama anauza na sigara." Wakampandisha kwenye lori, na mtoto akabaki mikononi mwa jirani, analia kwa sauti ambayo hata leo nikiisikia kwa mtoto mwingine nageuka.

Mimi nilisimama hapo na ufunguo mkononi. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema: ni mimi. Sikuyasema. Niliona lile gari moshi, Nakuru, Kisumu, meli, na baba yangu mlangoni.

Nyumbani watoto walikuwa wameshasikia habari ya blanketi; baba yao alijua tu kwamba kuna msako. Walinikuta gereji.

"Tumwambie baba, akaseme polisi blanketi ni letu," binti akasema.

"Baba alisema tusiseme kamwe," akajibu mvulana. "Kamwe ni kamwe."

"Si kwa mambo ya polisi, mjinga!"

Wakanigeukia mimi, mkubwa wao. "Dereva, tufanye nini?"

Nikawaambia wangoje. Nikasema watamwachilia tu, blanketi ni kitu gani. Nilisema kwa utulivu, kama mtu mwenye busara, nao wakaniamini. Hiyo ndiyo sehemu inayonichosha hadi leo.

Ijumaa hakurudi. Mchana ule, watoto walipoitwa kuleta vitu vyao, binti alikuja mikono mitupu. Baba akauliza kulikoni. Binti akalia, akasema yote. Na lile neno langu la kungoja alilisema pia. Baba hakunigombeza. Akachukua kofia, akamwambia mkewe asiwangoje kwa mishumaa, akatugeukia binti na mimi, akasema, "Twende wote watatu."

Katika kituo cha polisi ofisa, Mzungu kijana, alisikiliza akitabasamu. "Bwana, unaona shida unayotuletea? Ukitoa vitu, toa kwa karatasi."

"Mwambie wewe," baba akamwambia binti. "Ni blanketi lako."

Binti akasema kwamba ni lake, kwamba alitoa yeye, na nambari ya kufulia ya bweni lao imeshonwa pembeni. Wakaitafuta, wakaiona. Mjane akaletwa. Jicho moja lilikuwa limefumba. Binti akamnyooshea blanketi, na yule mama akainama kupokea, akainama sana, kwa mikono miwili. Baba akageuza uso ukutani.

Wakati wa kurudi, mjane alikataa kukaa mbele. Nilipomsaidia kupanda nyuma nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba niliyeweka blanketi ni mimi.

"Kwani nani mwingine huleta posho?" akasema. "Nilijua siku ileile. Waliniuliza na nani, na nani. Nikaona nikikutaja wewe mtu wa ziwa watakufukuza. Basi nikawaambia Ngai, yeye hawamwezi."

Nikafunga mlango wa nyuma, nikaendesha.

Baada ya hapo kila zawadi ya nyumba ile ilitoka na karatasi: kitu hiki kimetolewa na fulani, sahihi, tarehe. Watoto waliichukia karatasi. Mvulana aliuliza kama Mungu naye anahitaji kuiona. Binti alikaa wiki kadhaa bila kuleta kitu, na baba hakumlazimisha. Kila Ijumaa alivuta tu kiti cha binti, akangoja kidogo, kisha akaendelea. Wiki ya sita alileta sweta, akaandika karatasi yake mwenyewe, akaenda nayo mlangoni kwa mtu, mchana, kila mtu akiona. Alirudi amekunja uso. Lakini alikwenda.

Mimi nilikaa hadi mwisho wa mavuno. Hakuna aliyenifukuza. Kila Jumatatu nilisimamisha pikapu kwenye mlango wa nne, na kila Jumatatu mama yule alinisalimu vizuri, bila kinyongo, na hilo sikuweza kulivumilia.

Siku ya kuondoka nilikabidhi ufunguo, nikapita kahawani kumuaga. Hakuacha kuchuma.

"Unaenda? Na posho ataleta nani?"

"Watapata mwingine."

"Haya. Mwambie asifiche kitu kwa gunia langu," akasema, na wanawake wa mstari wa pili wakaangua kicheko. Yeye pia alicheka. Nilijaribu kucheka nao, nikashindwa, nikaokota sanduku langu nikashika njia ya stesheni ya Ruiru. Gari moshi lilichelewa saa mbili. Lilipofika nilipanda, na huko sijarudi tena.