Mia Tano kwa Mwezi

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na hesabu ndiyo iliyonivua nguo mbele ya wakwe.

Ilianzia katika chumba cha walimu, hapa Butembo. Sisi tukikosa chaki tunabishana, na chaki ikipatikana tunabishana vilevile. Juma lile swali lilikuwa hili: mtu apate ngapi kwa mwezi ndipo aitwe tajiri? Mwalimu wa Kifaransa alisema dolare mia tatu. Wa biolojia, ambaye bibi yake anauza vitenge, akasema hapana, mia sita. Mkuu wa shule alipita kuchukua funguo, akasema elfu moja, na chini ya hapo ni kujikuna tu. Nikawacheka wote, maana niliona kila mmoja ametaja kiasi kinachompita yeye mwenyewe kidogo, asije akaitwa tajiri akaanza kuombwa. Kisha nikataja mia tano, kwa sauti ya mtu anayejua, na hakuna aliyenibishia. Hapo ndipo mia tano ilipoingia kichwani mwangu ikakaa.

Jioni nikapita kwa kaka yangu mkubwa nikamuuliza na yeye. Ana magazini mbili, maduka makubwa, katikati ya mji na lori linalokwenda Kasindi mpakani, lakini koti lake limechanika kwapani. Butembo ni hivyo, mwenye pesa utamtambulia wapi?

"Mimi?" akasema. "Mimi niko masikini, mudogo wangu. Tajiri ni ule mwenye kupanda ndege ya Goma bila kuuliza bei."

Nyumba yangu iko Rughenda, karibu na uwanja wa ndege. Ndege hizo zinapita juu ya bati zangu, na mimi sijawahi kupanda hata moja.

Basi binti yetu wa kwanza alikuwa amemaliza masomo ya uuguzi akapata kazi Beni, anakaa kwa shangazi yake katika Mulekera. Siku moja mama yake, bibi yangu, akichagua maharagwe uani, aliniambia kwamba mtoto amepata mchumba. Habari ilikuwa imefika kwake kwanza, mimi naletewa mabaki. Nikauliza mchumba anafanya kazi gani. Akasema ni motard, ndiye aliyekuwa akimbeba kila asubuhi kwenda kazini.

Nilipandwa na hasira mpaka nikasimama. Motard! Nimemsomesha mtoto miaka yote hiyo, nimevaa suruali moja mpaka wanafunzi wakaipa jina, ili yeye aishie nyuma ya pikipiki?

"Mbele alikuwa analipa," bibi yangu akasema. "Sasa anapanda bure."

Sikucheka. Niseme ukweli: sikuwa ninamuogopea binti yangu. Nilikuwa ninamfikiria kaka yangu. Mabinti zake wameolewa na watu wa magazini, na kila arusi yao mimi nilikaa nyuma karibu na masufuria. Nilitaka mara moja tu mkwe atakayenikalisha mbele.

Siku ya wageni nilijipanga kama tajiri. Viti vizuri niliazima kwa jirani, na kochi kubwa lilitoka kwa kaka yangu, likaletwa na lori lake mchana kweupe, mtaa mzima unaangalia. Niliweka pazia jipya kwenye mlango wa jikoni. Binti yetu alikuwa amekuja toka juzi, akawa huko nyuma ya pazia pamoja na wanawake, kama inavyotakiwa.

Walitoka Beni alfajiri, watatu: kijana, baba yake mdogo na shangazi yake. Baba mzazi alikwisha kufa. Vumbi la njia lilikuwa bado kwenye nyusi zao. Walileta jogoo na mchele, wakakaa kwenye ncha ya kochi la kaka yangu wakiogopa kulichafua. Baba mdogo alikuwa mkulima aliyeacha mashamba yake kwa sababu ya vita, sasa analima kipande cha muhogo nyuma ya nyumba ya kupanga.

Kwetu baba wa msichana hasemi. Anakunja mikono, anaangalia chini, na msemaji wa ukoo ndiye anayezungumza. Mbuzi wa mahari wanapanda, mbuzi wanashuka, watu wanacheka, na mwisho wake wanaelewana. Wazee walipanga hivyo kwa akili, ili mzazi asije akaropoka. Msemaji wetu alikuwa kaka yangu, na anaijua kazi hiyo. Alikwisha kuwachekesha wageni mara mbili, mbuzi walikuwa wamefikia hesabu ambayo pande zote zingeivumilia. Mambo yalikuwa yamekaribia kuisha.

Ndipo mimi nikasema: "Niko na swali."

Kaka yangu akakohoa. Mimi nikaendelea.

"Kijana, ku mwezi unapataka ngapi?"

Hakukasirika. Alishika kofia yake kwa mikono miwili akafikiri.

"Papa, siye bamotard hatuna mwezi. Tuko na siku tu. Kuko siku ya muzuri, kuko siku ya mubaya, na kuko siku yenye balabala inafungwa." Kisha akaanza kutoa mafuta, akatoa vizuizi vya njiani, akatoa vipuri, taratibu, kama mwanafunzi mbele ya ubao. "Mwezi ikiwa muzuri, inabaki mia mbili. Ikiwa mubaya, mia na kidogo."

Mia mbili. Serikali hainipi mimi hizo. Hilo nilikuwa ninalijua, na kila mtu wa upande wetu alikuwa analijua, kaka yangu zaidi ya wote, kwa kuwa ndiye anayelipia shule wadogo wa huyo binti. Na kinachotulisha mle nyumbani ni unga ambao bibi yangu anauza sokoni. Nyani haoni kundule. Lakini mdomo wangu ulikwisha kuondoka, sikuweza kuurudisha.

"Haitoshi," nikasema.

Baba mdogo alivua kofia yake na yeye. "Basi, baba, mutuambiye ni ngapi yenye kutosha. Tutaenda kutafuta."

Hakuwa ananikejeli. Ningeona dharau ningepona kidogo. Aliuliza kwa moyo safi, akiamini kwamba mwalimu, mwenye kochi kama lile, anajua.

"Mia tano," nikasema.

Alirudia neno lile polepole, kama jina la kijiji ambacho hajafika. Shangazi alifuta uso kwa kitenge. Kijana ndiye aliyejibu.

"Papa, munipatiye wakati. Nitarudia Manguredjipa."

Baba mdogo akageuka kumwangalia haraka. Kila mtu hapa anajua kinachotafutwa Manguredjipa, ni dhahabu. Kijana alichimba huko mpaka akanunua pikipiki yake, na, kama shangazi alivyosema, rafiki yake walimwacha ndani ya shimo, udongo ulimwangukia. Aliapa hatarudi tena. Sasa alikuwa anarudi kwa ajili ya namba niliyoiokota katika chumba cha walimu. Na mimi nilikaa kimya. Hilo ndilo linaloniunguza kuliko swali lenyewe: nilisikia neno shimo, na nikanyamaza, nikingoja nione kama atakwenda kweli.

Pazia likafunguka. Bibi yangu aliingia na chai, akaiweka mezani, akapanga vikombe bila haraka. Kisha akasimama mbele yangu, mikono ndani ya kitenge chake.

"Baba ya batoto," akasema, "wakati ulikuyaka kwetu, ulikuwaka na ngapi?"

Nikaangalia chai.

"Baba yangu hakukuuliza vile."

Hakusema kwa hasira. Akarudi jikoni, na pazia likaanguka nyuma yake.

Ni kweli hakuniuliza. Baba yake alikuwa mkulima wa milimani, upande wa Lubero. Nilikwenda kwake na koti la kuazima, viatu vinanibana, na nilikuwa nimeandaa majibu juu ya kazi na mshahara njia nzima. Mzee aliniuliza neno moja: "Utamupiga?" Nikasema hapana. Akaniangalia muda mrefu, kisha akaita chakula.

Haya zilinishika mpaka masikio yakawaka. Niliona kochi la watu, viti vya watu, pazia ambalo sijalipa, na katikati yake mimi, mwenye kupima wengine. Nikamwambia baba mdogo, bila kuinua macho:

"Kijana asiende Manguredjipa. Mbuzi mutaleta siku gani?"

Na unajua walifanya nini? Walinishukuru. Baba mdogo alipiga makofi taratibu kwa heshima, akasema "wasingya, tata," shukrani ya Kinande, kana kwamba nimewapa kitu. Kijana alikuja kunisalimia kwa mikono miwili. Kaka yangu alimaliza maneno kwa mzaha mmoja wa mwisho, akanywa chai yake. Kesho yake lori lilikuja kuchukua kochi. Hakunilaumu. Alimtuma dereva tu.

Waliozwa kanisani, Beni, na kweli nilikalishwa mbele. Niliona aibu kukaa pale lakini nilikaa. Miezi ilipita, na nikaanza hata kujisifu kidogo moyoni kwamba angalau nilijirudi, si kila baba angejirudi. Mpaka siku moja, nikiwa ninasahihisha mitihani, kalamu ikasimama. Bibi yangu alinikumbusha baba yake mbele ya watu wote. Nilikumbuka swali la mzee neno kwa neno. Na kijana sikumuuliza. Nilijua pikipiki yake inakula mafuta kiasi gani, nilijua kizuizi kinamtoza ngapi, nikampa mtoto wangu bila kujua mkono wake ukoje.

Nikachukua simu. Binti yangu alipokea akiwa kazini, nikasikia watoto wachanga wanalia nyuma yake. Nilizunguka kwanza na habari za mvua, za mama yake, za bei ya unga. Mwisho nikauliza kama mume wake anampiga.

Nilisikia anatoka nje, mlango unafungwa.

"Hapana, papa. Hanipigake," akasema. "Lakini, ni leo ndo unaniuliza?"